Lori Lililopita Mbele ya Duka

Mwenye duka la vitabu katika mji wowote wa Kenya aliuhesabu mwaka wake kwa Januari. Mwezi huo ndio uliolipa kodi ya miezi iliyobaki. Ndio uliomaliza deni la mchapishaji. Na ndio uliompa nafasi ya kuweka kwenye rafu vile vitabu vinavyokaa miezi minane kabla ya mtu kuvigusa: diwani ya mashairi, riwaya, hadithi za watoto. Mbele ya kaunta palikuwa na foleni ya wazazi wenye orodha za shule mkononi. Nyuma, kwenye kijiofisi chenye kalkuleta na rundo la vitabu vya risiti, walikaa walimu wakuu na LPO zao, yaani hati za shule za kuagizia bidhaa, na huko ndiko pesa nyingi zilikopita.

Januari 2018 walimu wakuu wa shule za umma hawakuja. Vitabu vya masomo ya msingi vilikuwa vinapita barabarani ndani ya malori, kutoka maghala ya wachapishaji hadi shuleni, na duka halikuwa na lake katika safari hiyo. Hakuna sheria iliyolifunga. Pesa tu ndizo zilizobadilisha njia.

Nakieleza kisa hiki kwa kirefu kwa sababu mazungumzo kuhusu maduka ya vitabu yanayofungwa huishia haraka kwenye simu na vijana wasiopenda kusoma. Simu ina sehemu yake. Lakini nchini Kenya pigo zito lilitokana na uamuzi wa jinsi serikali inavyonunua vitabu, na uamuzi wenyewe ulikuwa na sababu nzuri. Hapo ndipo ugumu ulipo: waliouamua hawakuwa wajinga, na mtoto aliyefaidika nao ni wa kweli.

Turudi nyuma kidogo. Katika miaka ya sabini na themanini serikali ilikuwa na mpango wake wa kununua na kusambaza vifaa vya shule, Kenya School Equipment Scheme. Vitabu vingi viliandikwa chini ya Taasisi ya Elimu ya Kenya na kuchapishwa na mashirika mawili ya umma, Jomo Kenyatta Foundation na Kenya Literature Bureau. Kisha ikaja sera ya kugawana gharama, na mzigo wa vitabu ukawaangukia wazazi. Mwaka 1998 ikatoka sera mpya iliyofungua soko: mchapishaji yeyote angeweza kuwasilisha mswada wake ukaguliwe, hadi vitabu sita vingeidhinishwa kwa kila somo katika kila darasa, na shule yenyewe ingechagua kimoja na kukinunua kwenye duka la vitabu.

Pesa za kuipa sera hiyo nguvu zilikuja mwaka 2003, serikali ya Mwai Kibaki ilipoondoa karo katika shule za msingi. Kila mtoto alitengewa shilingi 1,020 kwa mwaka. Kati ya hizo, 650 ziliingia katika akaunti maalumu ya vifaa vya kufundishia ambayo kila mwalimu mkuu aliijua kwa jina la SIMBA. Shule yenye watoto 500 ikawa na shilingi 325,000 za vitabu, madaftari na chaki. Kwa duka la mjini huyo hakuwa mteja wa kupita. Ilikuwa biashara ya kujengea nyumba.

Tuone duka lilikuwa linafanya kazi gani hasa, maana wengi hudhani lilinunua bei ya chini na kuuza bei ya juu tu. Mchapishaji wa Nairobi hangeweza kumjua kila mwalimu mkuu wa Turkana, Kwale na Nyamira. Alimpa mwenye duka vitabu kwa mkopo, pamoja na punguzo la bei ya jaladani, na mwenye duka ndiye aliyebeba yaliyobaki. Aliweka mzigo stoo. Aliwakopesha walimu wakuu vitabu pesa za serikali zilipochelewa. Alipanda pikipiki kupeleka katoni mbili kwenye shule ya mlimani ambako gari halifiki. Alizipokea nakala zenye kurasa zilizopinduka na kuzirudisha. Na kwa kuwa alikuwa na mteja wa uhakika wa vitabu vya kiada, aliweza kumvumilia mteja asiye na uhakika, yule anayeingia Jumamosi kuulizia hadithi ya mtoto wake wa miaka saba. Faida ya kitabu cha Hisabati cha Darasa la Tano ndiyo iliyolipia rafu ya hadithi. Sijaona ripoti ya serikali iliyolisema hilo waziwazi, na nadhani ndipo kosa lilipoanzia.

Njia hiyo ilikuwa na uoza, na si haki kuuficha kwa sababu tu tunayapenda maduka. Kulikuwa na shule zilizopokea vitabu kwenye karatasi tu: LPO imeandikwa, risiti imetolewa, saini zimewekwa, hundi imelipwa, na katoni haikuwahi kutoka stoo. Pesa ziligawanywa kati ya mwenye duka na mwalimu mkuu. Kwingine nakala zilifika kweli kisha zikarudi sokoni kwa mlango wa nyuma. Mawakala wa wachapishaji nao walijua kwamba kitabu bora si lazima ndicho kitakachochaguliwa, na bahasha iliweza kuamua kuliko yaliyomo. Baada ya miaka kumi na mitano ya mabilioni ya pesa za umma, palikuwa bado na madarasa ambamo watoto watatu au wanne walibanana juu ya kitabu kimoja, na aliyekaa katikati ndiye aliyesoma vizuri.

Wakati huohuo ushahidi wa njia nyingine ulikuwa umeanza kuonekana. Kuanzia mwaka 2015 mpango wa Tusome, uliofadhiliwa na Marekani, ulipeleka vitabu vya Kiswahili na Kiingereza katika madarasa ya chini ya shule za msingi kote nchini, kila mtoto na chake. Mradi mwingine, PRIEDE, ulifanya hivyo kwa vitabu vya Hisabati. Vyote vilipigwa chapa kwa wingi na kupelekwa shuleni bila kupitia dukani, na bei ya kila nakala ilikuwa sehemu ndogo tu ya bei ya rafuni.

Bei hiyo ilishukaje? Si muujiza. Chukua mfano wa kubuni. Kuandaa kitabu kimoja, yaani mwandishi, mhariri, mchoraji, mpangaji wa kurasa na ukaguzi, kunagharimu shilingi milioni 3. Ukipiga chapa nakala 10,000, kila nakala inabeba shilingi 300 kabla hujanunua karatasi. Ukipiga nakala milioni moja, kila moja inabeba shilingi 3. Ondoa punguzo la duka. Ondoa gharama ya mawakala na sampuli za bure. Ondoa hatari ya kubaki na mzigo usionunuliwa, kwa sababu mnunuzi ameshasema anataka ngapi. Kinachobaki ni karatasi, wino, gundi na lori. Waziri yeyote wa Elimu akionyeshwa hesabu hiyo atasita vipi? Fred Matiang'i, aliyekuwa waziri wakati huo, hakusita. Mpango ulipoanza, Taasisi ya Kukuza Mitaala, KICD, ilichagua kitabu kimoja kwa kila somo, mchapishaji aliyeshinda akachapisha nakala za nchi nzima, na lori likaanza safari.

Mgala muue na haki umpe. Watoto wa shule za umma walipata vitabu. Mtoto wa kijijini akaweza kubeba kitabu cha Kiswahili nyumbani jioni na kumsomea bibi yake. Mtu anayetaka kuutetea mfumo wa zamani aanze kwa kumjibu mtoto huyo. Mimi siutetei. Ninachouliza ni kwa nini hesabu iliyofanywa ilikuwa na safu moja tu, ya bei ya nakala, wakati gharama nyingine zilikuwa zinahamishiwa kwa watu ambao hawakuwa mezani.

Wa kwanza ni mwenye duka. Kilichomtokea kinaonekana kwa macho katika miji mingi ya kaunti. Bango bado linasema "Bookshop", lakini ukiingia unakutana na sare za shule, sanduku za bati, mashine ya kunakili, kibanda cha M-Pesa na kijana anayewajazia watu fomu za eCitizen. Vitabu vimesogezwa ukuta wa nyuma, na vilivyopo ni vya marudio ya mitihani, kamusi, Biblia na vitabu vya nyimbo. Siwalaumu. Kodi hailipwi na mapenzi ya fasihi. Waliosimama imara zaidi ni wale walio karibu na shule za kibinafsi, kwa kuwa lori la serikali halifiki huko na wazazi wake bado wanakuja na orodha. Matokeo yake, duka lenye vitabu vingi limeifuata pesa ya wenye nacho. Mtaa wenye akademia tano una duka. Kata yenye shule za umma tano haina.

Kisha mtaala wenyewe ukabadilika. Mtaala wa umilisi ulianza madarasa ya chini mwaka 2019 na kupanda ngazi mwaka baada ya mwaka, KCPE ya mwisho, mtihani wa kumaliza Darasa la Nane, ikafanywa mwaka 2023, na Gredi ya 9 ya kwanza ikaanza mwaka 2025. Kila hatua iliacha nyuma yake mzigo uliokufa. Vitabu vya marudio vya Darasa la Nane vilivyokuwa dhahabu mwaka 2022 havikumfaa mwanafunzi yeyote miaka miwili baadaye. Mchapishaji hakuwa na sababu ya kuvipokea, na mwenye duka hakuwa na wa kumuuzia isipokuwa mwenye kupima karatasi kwa kilo. Katikati ya hayo yote shule zilikuwa zimefungwa kwa sababu ya korona kuanzia Machi 2020, na hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 2021.

Wa pili ni mchapishaji, ambaye mwanzoni alionekana kuwa mshindi. Kwa walioshinda zabuni, nakala zilikuwa nyingi kuliko ndoto zao. Kwa walioshindwa, somo zima katika darasa zima lilifungwa. Zamani vitabu sita viligawana soko, na hata aliyekuwa wa nne alipata cha kuwalipa wahariri wake. Mpango mpya ulipoanza, wa pili hakupata kitu. Na mwandishi? Mrabaha wake ni asilimia ya bei, kwa hiyo bei iliposhuka, chake kwa kila nakala kilishuka pia. Aliyeshinda alifidiwa na wingi wa nakala. Aliyeshindwa alibaki na mswada ulioidhinishwa usio na mnunuzi.

Zaidi ya hayo, kazi zote za mwenye duka, za ghala, usafiri na kukopesha, zilihamia kwa mchapishaji. Yeye ndiye anayenunua karatasi kwa mkopo wa benki, anayekodi malori hadi Mandera, anayekusanya hati zilizogongwa mihuri na walimu wakuu kisha kusubiri Hazina ya Taifa imlipe. Zamani aliwadai wenye maduka mamia. Mmoja akifilisika alilia kidogo, akaendelea. Sasa anamdai mtu mmoja. Wahenga waliosema mtegemea cha nduguye hufa maskini hawakuwa wanazungumzia wachapishaji, lakini mwishoni mwa mwaka 2024 maneno hayo yaliwakaa sawasawa. Malimbikizo yalikuwa yamepita shilingi bilioni 10, wakauzuia mzigo wa Gredi ya 9, na wanafunzi wa kwanza wa gredi hiyo wakakaribia kufungua mwaka bila vitabu. Katika mfumo wa zamani shule moja iliweza kukosa vitabu kwa sababu ya mwalimu mkuu mmoja. Katika huu mpya, nchi nzima inaweza kuvikosa kwa sababu ya hundi moja.

Wa tatu ndiye anayeniuma zaidi, naye ni msomaji wa kitabu kisicho cha mtihani. Hakuna aliyemfikiria kwa sababu hamo kwenye bajeti yoyote. Riwaya ya Kiswahili nchini Kenya haiuzi nakala milioni. Mara nyingi hupigwa chapa nakala elfu mbili au tatu, na hizo huuzwa polepole, moja Eldoret, mbili Mombasa, tano Nairobi, mpaka miaka mitatu ipite. Kitabu cha namna hiyo kinahitaji rafu mahali pengi. Duka likigeuka kuwa la sare, rafu hiyo imekwenda, na mhariri wa Nairobi anapopiga hesabu ya kuchapisha diwani mpya anagundua kwamba hata akiichapisha hana pa kuiweka. Basi haichapishi. Hakuna kitabu kilichopigwa marufuku, na bado hakipo.

Ushuru ulikuwa umeshaizidisha hali hiyo. Tangu Septemba 2013 vitabu vinatozwa VAT ya asilimia 16, ilhali awali havikutozwa. Hadithi ya mtoto ya shilingi 300 ikawa 348. Kwa mzazi anayechagua kati ya hadithi na unga wa wiki, 48 hizo zina uzito.

Halafu kuna maharamia. Kitabu kinachopendwa nao kuliko vyote ni kile kilichoteuliwa kwa mtihani wa fasihi wa KCSE, ule wa kumaliza sekondari, maana wanunuzi wake ni wengi na hawana hiari. Nakala bandia unaitambua ukishaishika: karatasi nyembamba ambayo maandishi ya ukurasa wa pili yanaonekana kwa nyuma, jalada lenye rangi iliyofifia, gundi inayoachilia kurasa kabla ya muhula kwisha. Inauzwa kwa bei ya chini sana kando ya barabara, na kusema kweli inauzwa pia ndani ya baadhi ya maduka yenye leseni. Mwenye duka aliyebaki mwaminifu anashindana na mtu asiyemlipa mwandishi, mhariri wala serikali. Siku hizi haramia hahitaji hata mashine: faili la PDF linazunguka katika makundi ya WhatsApp ya walimu na wanafunzi, na anayelituma anaamini anawasaidia wenzake. Wengi wao wangeshtuka kuambiwa ni wizi, na nadhani tumefanya kazi ndogo mno ya kuwaeleza.

Wapo waliopata njia. Waandishi wengi wanajichapishia nakala mia tano, wanaziuza kwa simu, wanazituma kwa matatu kama vifurushi. Nuria jijini Nairobi imejenga jina kwa kuuza kazi za waandishi wa namna hiyo mtandaoni na dukani. Nafurahi kuwaona. Ila tazama ramani ya wanunuzi: anayeagiza kitabu mtandaoni tayari anajua anachokitaka na ana pesa za kukituma. Duka la mjini lilimhudumia yule asiyejua, mtoto anayesimama mbele ya rafu akipitisha kidole kwenye migongo ya vitabu mpaka picha moja imkamate.

Jirani yetu Tanzania ameipitia njia hii kwa mguu mrefu zaidi. Baada ya kamati ya kuidhinisha vitabu, EMAC, kuvunjwa mwaka 2013, Taasisi ya Elimu Tanzania ikawa yenyewe mwandaaji na mchapishaji wa vitabu vya kiada, na wachapishaji binafsi wakabaki na vitabu vya ziada. Lakini ni huko huko Tanzania ambako mfano ninaoupenda ulizaliwa. Mwaka 1991 ulianza Mradi wa Vitabu vya Watoto, kwa msaada wa shirika la CODE la Kanada. Mradi ulimhakikishia mchapishaji kununua sehemu kubwa ya nakala za hadithi ya Kiswahili iliyopita ukaguzi na kuzipeleka shuleni. Nakala zilizobaki alitakiwa aziuze mwenyewe sokoni. Gharama ya kuandaa kitabu ilikuwa imeshalipwa na zile za kwanza, kwa hiyo zilizobaki ziliweza kuuzwa kwa bei ambayo mzazi angeimudu. Mtoto alipata kitabu, na soko halikuuawa.

Kenya haihitaji kurudi kwenye LPO na kijiofisi cha nyuma. Vitabu vya kiada viendelee kununuliwa kwa pamoja. Bei ya wingi ni haki ya mlipa kodi. Kilomita ya mwisho, kutoka mji wa kaunti hadi shuleni, apewe mwenye duka kwa ada inayojulikana, kwa kuwa anaijua barabara na anamjua mwalimu. Kisha itengwe shilingi 100 tu kwa kila mtoto kwa mwaka, za vitabu vya hadithi peke yake, na uchaguzi awe nao mwalimu wa darasa. Shule ya watoto 400 itakuwa na shilingi 40,000. Kwa bei ya shilingi 250, hivyo ni vitabu 160 kila mwaka. Shule kumi zinazouzunguka mji mmoja ni shilingi 400,000, zinazotosha kumfanya mwenye duka aivute tena rafu ya hadithi kutoka ukuta wa nyuma.

Najua jibu litakalotoka wizarani: risiti za uongo zitarudi. Zinaweza kurudi, ndiyo maana fungu liwe dogo na orodha iwe wazi. Vitabu 160 si katoni za nchi nzima. Majina yake yote yanaenea kwenye karatasi mbili zinazobandikwa mlangoni mwa ofisi ya mwalimu mkuu, kila kitabu kimepigwa muhuri wa shule na kuandikwa nambari. Siku ya mkutano wa wazazi mama yeyote anaweza kuishika orodha hiyo, kuingia darasani, na kuanza kuhesabu.